Kabla hujaagiza mtutu mpya: kurudisha ulengaji wa Brno ZKK 600

*Swali: Ninamiliki kwa leseni bunduki ya kuwindia, Brno ZKK 600 ya risasi za .30-06, kitako cha mbao, darubini ya 4x. Naishi Tanga na msimu wa uwindaji huenda nayo Tabora. Zamani risasi tatu zilikuwa zikikaa ndani ya sentimita 5 kwa mita 100. Sasa zinasambaa hadi 12, na kila nikifika Tabora lazima niiseti upya. Fundi mmoja ameniambia mtutu umekwisha, niagize mwingine. Je, ni kweli?*

Ndugu, usiagize mtutu bado. Mtutu wa .30-06 hudumu maelfu ya risasi, na mwindaji anayepiga boksi mbili tatu kwa mwaka haumalizi kwa urahisi. Kinachoua mitutu ya pwani mapema ni kutu, wala si kupigwa. Tena umetaja jambo ambalo mtutu uliolika haulifanyi: bunduki yako inahamisha mahali pa kupiga ukitoka pwani kwenda bara. Mtutu uliolika ungesambaza risasi Tanga na Tabora vilevile. Kinachobadilika kati ya miji hiyo miwili ni mbao. Hunywa unyevu wa bahari ikavimba, ikifika kwenye ukame wa Agosti husinyaa, na kama inagusa chuma mahali isipotakiwa, itausukuma mtutu upande huu leo na upande ule mwezi ujao. Kwa hiyo ningeshuku kwanza mbao na skrubu, kisha darubini, kisha shaba ya risasi iliyoganda ndani ya mtutu. Mtutu wenyewe ungekuwa wa mwisho.

Tuelewane pia unatafuta nini. Dakika moja ya pembe (sehemu ya sitini ya digrii) ni milimita 29 kwa mita 100, kwa hiyo sentimita 12 ni kama dakika 4. Bunduki ya kuwindia ya kiwandani yenye mtutu mwembamba, ikiwa na afya, hukaa kwenye dakika 1.5 hadi 2, yaani sentimita 4.5 hadi 6. Kwa swala pala wa mita 150 hiyo yatosha na kubaki. Ukianza kukimbizana na nusu dakika utatumia fedha nyingi kwa kitu ambacho mikono yako porini, ukiwa umeegemea mti huku pumzi ikienda juu, haitaweza kukitumia.

Pima kwanza, usiguse kitu

Risasi tatu hazisemi mengi. Tatu zinaweza kukaa ndani ya sentimita 4 kwa bahati, na tatu zinazofuata zikaenda 9, bunduki ikiwa ileile. Piga mafungu manne ya risasi tano, kila fungu kwenye karatasi yake, asubuhi mbili tofauti kabla upepo haujaamka. Tumia risasi za chapa moja, uzito mmoja, na namba moja ya toleo kwenye boksi.

Weka mfuko wa mchanga chini ya mbao, karibu na magazini, na mwingine mdogo chini ya kitako nyuma. Mtutu usiguse mfuko, na pete ya mkanda isigonge mfuko bunduki inaporudi. Mtutu wako ni mwembamba na huchemka upesi: pumzika dakika moja au zaidi kati ya risasi na risasi, na baada ya kila fungu acha bolti (komeo linalofunga chemba, pale risasi inapokaa) wazi mpaka uweze kuushika mtutu kwa kiganja bila kuhisi joto.

Sasa soma umbo la matundu. Yakipanda juu moja baada ya jingine kadiri mtutu unavyopata joto, kuna kitu kinausukuma, mara nyingi mbao ya mbele. Yakigawanyika makundi mawili yaliyobanana, kuna kitu chenye nafasi mbili za kukaa: risiva (kile chuma kinachoshika mtutu na bolti) ndani ya mbao, au pete ya darubini, au lenzi iliyolegea ndani. Risasi ya kwanza ikienda kando na nyingine nne zikikaa pamoja, ulipiga mtutu ukiwa na mafuta ndani. Yakitawanyika bila mpangilio wowote, fikiria mdomo wa mtutu, uchafu, risasi zenyewe, au mpigaji.

Mpigaji simtaji kwa dharau. Teke la .30-06 ya kilo tatu na nusu ni la jouli 27 hivi, linatosha kumfunza mtu kufumba macho bila yeye kujijua. Mwombe mwenzako mwenye leseni apige fungu moja. Kisha naye akupakilie chembani, bila wewe kuona, mara risasi halisi, mara risasi bandia ya mazoezi. Mdomo wa bunduki ukishuka ghafla kwenye ile ya bandia, umepata sehemu ya sentimita zako 12 bila kununua chochote.

Skrubu

Kuanzia hapa, kila mara kabla ya kushika bisibisi: toa risasi zote, toa bolti, na uione chemba tupu kwa macho yako. Risasi zikae chumba kingine.

Skrubu zinazoshika risiva kwenye mbao ndizo za kwanza kukaguliwa, kwa sababu ni kazi ya dakika kumi na hazigharimu kitu. Mbao ikisinyaa, skrubu iliyokuwa imekaza hubaki legelege pasipo mtu kuigusa. Zilegeze zote, simamisha bunduki kwa kitako, gonga kitako chini polepole mara mbili ili jino la teke likae vizuri. Jino hilo ni kile kipande cha chuma kilicho chini ya risiva, mbele, kinachopokea teke na kulipeleka kwenye mbao. Kaza ya mbele kwanza, kisha ya nyuma. Kwa mbao isiyo na bushi za chuma (vibomba vinavyozunguka skrubu), nyutoni-mita 3.5 hadi 4.5 zinatosha, ukizidisha unaibonda mbao, na mwezi ujao itakuwa imelegea tena. Tumia bisibisi yenye kipimo na ncha inayojaa mfereji wa skrubu. Lililo muhimu kuliko tarakimu yenyewe ni kwamba iwe ileile kila mara.

Angalia pia kama yako ina skrubu ya ziada mbele, inayopita kwenye mbao na kuingia chini ya mtutu. Baadhi ya Brno na CZ huwa nayo. Inaufunga mtutu kwenye mbao moja kwa moja, na kwa mtu anayesafiri kati ya Tanga na Tabora ni mshukiwa mkubwa. Kwa majaribio, ilegeze mpaka iwe inazunguka kwa vidole na upige fungu moja. Usiitupe, tutairudia.

Kuna kipimo kizuri cha kujua kama risiva imelala sawa. Bunduki ikiwa imesimama na skrubu zote zimekazwa, shika mtutu na ncha ya mbao ya mbele kwa pamoja, kidole kikigusa vyote viwili, halafu legeza na kaza skrubu ya mbele taratibu. Kama unahisi mtutu unapanda na kushuka, risiva inapindishwa kila unapokaza. Mwenye saa ya kupimia ya mafundi mekanika ataona tarakimu: zaidi ya milimita 0.1 ni tatizo, chini ya 0.05 ni salama.

Mambo mawili husahaulika hapa. Sanduku la magazini linatakiwa licheze kidogo, kama milimita moja, juu na chini. Likibanwa kati ya risiva na kinga ya kifyatulio, skrubu zinakaza sanduku badala ya kukaza risiva. Na skrubu ya mbele isiwe ndefu kiasi cha kugusa bolti. Ukihisi bolti inakwaruza mahali fulani inapofungwa, anzia hapo.

Darubini

Watu hulaumu mtutu kwa makosa ya darubini kila siku. Kwenye bunduki yako pete hubana mitaro iliyochongwa kwenye risiva yenyewe. Zitoe, futa mafuta kwenye mitaro, pete na mwili wa darubini kwa spiriti, rudisha. Kibano cha chini kikaze vizuri, lakini skrubu ndogo za juu ya pete zisizidi nyutoni-mita 2. Ukizidisha, bomba la darubini hubonyea na vyuma vya ndani vinavyosogeza alama ya msalaba hukwama.

Kisha ijaribu. Piga risasi mbili, zungusha kipimo kwenda juu kwa sentimita 20, piga mbili, rudi ulikotoka, piga mbili. Zile za mwisho zinatakiwa zianguke penye za kwanza. Darubini nyingi za robo dakika husogea milimita 7 kwa kila mlio kwa mita 100, zile za Ulaya sentimita moja. Zisiporudi, au zikirudi baada ya kupiga risasi mbili tatu zaidi, darubini imechoka. Njia fupi kuliko zote ni kuazima darubini unayoiamini na kupiga mafungu mawili. Fungu likiingia ndani ya sentimita 6, kazi imekwisha, usiguse mbao.

Mbao

Ikiwa bado, chukua noti ya shilingi elfu moja, ipitishe chini ya mtutu kuanzia mbele na uivute kuelekea risiva. Inapokwama, hapo mbao inagusa. Noti kupita peke yake haitoshi, kwa sababu mtutu hutikisika unapopiga. Kwa mbao inayoishi pwani, taka nafasi ya milimita 1.5 hadi 2 pande zote.

Usikimbilie msasa, maana mitutu mingine myembamba hupiga vizuri zaidi ikiwa imeshinikizwa kidogo kutoka chini kwenye ncha ya mbao, na mbao iliyokwanguliwa hairudi. Jaribu kwanza: weka kipande chembamba cha kadi ya plastiki chini ya risiva, nyuma ya jino la teke, kaza skrubu, na mtutu utanyanyuka usiguse mbao. Piga mafungu mawili. Yakibanana, una ruhusa ya kukwangua. Yasipobadilika, tatizo liko kwingine. Kadi ni ya majaribio tu, usiende nayo porini.

Kukwangua kwenyewe hakuna siri. Zungushia msasa namba 80 kwenye mti wa duara mnene kama mtutu, kwangua sawasawa mfereji mzima, malizia na namba 180. Kisha paka vanishi ya poliyurethani, mikono mitatu myembamba, ndani ya mfereji, ndani ya nafasi ya magazini, na hasa pale nyuzi za mbao zilipokatwa: ncha ya mbele, na chini ya pedi ya mpira nyuma. Viwanda vingi hung'arisha nje na kuacha ndani mbao mbichi, na unyevu wa masika huingilia huko.

Kulaza risiva kwenye epoksi

Kama mtutu ulikuwa unapanda na kushuka kwenye kipimo cha kidole, kukwangua peke yake hakutaponya. Risiva inahitaji kitu kigumu cha kulalia. Fundi mwenye leseni anaweza kukufanyia. Ukiwa na subira na jiliwa, utaiweza mwenyewe, kwa kuwa ni kazi ya mbao. Hii ndiyo dawa hasa ya ugonjwa ulioueleza, kwa hiyo nitakaa nayo kidogo.

Tumia epoksi (gundi ya kuchanganya inayokauka ngumu) yenye unga wa chuma, ile nzito kama siagi. Ile nyepesi ya kuunganishia vyombo husinyaa ikikauka. Chonga mbao milimita 2 hadi 3 nyuma ya jino la teke na chini ya sehemu ya mbele ya risiva, na kidogo chini ya mkia wake nyuma. Acha kingo za juu kama zilivyo ili chuma kisipoteze kimo chake. Penye matundu ya skrubu ni vizuri kuweka bushi za alumini zenye kipenyo cha milimita 12 hadi 14, ndefu kiasi kwamba chuma kinakutana na chuma skrubu ikikazwa. Kuanzia hapo mbao haibondwi tena, na ndipo unaweza kukaza hadi nyutoni-mita 5 au 6.

Jino la teke libandike tepu ya plastiki mbele, pembeni na chini, tabaka mbili. Uso wake wa nyuma usiubandike, maana ndio unaotakiwa kulala barabara kwenye epoksi. Ukiacha jino liguse chini, risiva itakaa juu yake na kuyumba, na utakuwa umetengeneza tatizo jipya la kudumu. Mkia wa risiva nao uachwe pengo la kama nusu milimita kwa nyuma, ama sivyo teke litaupasua mkono wa kitako.

Ziba kila tundu, mfereji na kona ya risiva kwa plastisini ya watoto. Halafu paka dawa ya viatu isiyo na rangi, mikono mitatu, kila mahali ambapo epoksi inaweza kufika hata kwa bahati mbaya, na kwenye skrubu pia. Hapa ndipo wengi huumia: tundu moja lisilozibwa, epoksi ikaingia na kukauka, na risiva haitoki tena bila kuvunja mbao.

Kwa joto la Tanga epoksi hushika haraka kuliko karatasi ya maelekezo inavyosema. Fanya kazi alfajiri, changanya kidogo kidogo, usipige mapovu. Mtutu uuzungushie tepu karibu na ncha ya mbao mpaka ukae katikati ya mfereji. Shusha risiva polepole epoksi iliyozidi itoke pembeni, ifute kwa kijiti cha pamba chenye siki. Skrubu ziwe za kuelekeza tu, zisikazwe. Bana kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, nguvu kidogo. Ukizikaza sasa, epoksi itakauka huku risiva imepinda, nawe utakuwa umeuganda ule upindaji uliotaka kuuondoa. Acha saa 24. Ikikataa kutoka, iweke bunduki kwenye friza saa chache: chuma hunywea, na pigo la nyundo ya mpira chini ya mtutu huiachia. Toa tepu, kata mabaki, pitisha keekee kwenye matundu ya skrubu ili zisiguse kuta.

Ile skrubu ya mbele sana, kama unayo, sasa pima pamoja nayo na bila nayo. Kwa kawaida baada ya risiva kulazwa vizuri haina kazi, lakini kwenye bunduki zinazopiga teke zito, kama .375, usiiache bila ushauri wa fundi.

Ndani ya mtutu na mdomoni

Kinara wa uchafu ni shaba. Vichwa vya risasi huacha tabaka jembamba, na mafuta ya kawaida ya bunduki hayaligusi. Safisha kutoka chembani kwenda mdomoni, kwa mdeki wa kipande kimoja na kiongozi kinachokaa mahali pa bolti. Ondoa masizi kwanza, kisha paka kiyeyusho chenye amonia kwa brashi ya nailoni. Brashi ya bronzi huyeyuka nayo na kukudanganya kwa rangi. Dakika 10, zisizidi 15, kisha kitambaa. Kikitoka na buluu au kijani, rudia mpaka kitoke cheupe, kausha, paka mafuta kidogo. Kwenye mtutu uliopuuzwa miaka hii yaweza kuchukua jioni mbili.

Ukipiga risasi za zamani za kijeshi, fataki zake (zile zinazowasha baruti) zinaweza kuwa na chumvi inayovuta unyevu. Mafuta hayaiyeyushi. Maji ya moto ndiyo yanayoiondoa, siku hiyohiyo, kabla ya mafuta.

Mdomo wa mtutu uuangalie kwa kioo cha kukuzia. Zungusha kijiti cha pamba ukingoni ndani: kikinasa nyuzi mahali, pana mkwaruzo, na gesi inatoka upande mmoja kabla ya mwingine na kukisukuma kichwa cha risasi kando. Kuukata na kuuchonga upya ni kazi ya mashine ya kerezo, mpe fundi mwenye leseni, na ni sehemu ndogo tu ya gharama ya mtutu mpya. Kifyatulio nacho, kama ni kizito, kipunguzwe kwa skrubu zake hadi kilo 1.4 au 1.8, usikiguse kwa tupa. Baada ya kukirekebisha, bunduki ikiwa tupu, funga bolti kwa nguvu mara kumi na gonga kitako kwa nyundo ya mpira. Ikijifyatua hata mara moja, haitumiki mpaka fundi aione.

Risasi

Mtutu wa .30-06 kwa kawaida una msokoto mmoja kwa milimita 254, yaani mifereji ya ndani huzunguka mara moja katika urefu huo, unaomudu vichwa vya greni (kipimo cha uzito wa kichwa cha risasi) 150 hadi 180 bila shida, lakini kila mtutu una chaguo lake na halitabiriki. Nunua boksi moja moja ya aina tatu. Ukibadilisha chapa, piga tano za kuzoesha mtutu kabla ya kuhesabu. Kisha chagua moja na ununue ya kutosha kutoka toleo hilohilo. Usiziache kwenye dashibodi ya gari: baruti iliyopata joto huongeza kasi, na tundu husogea.

Badilisha kitu kimoja, piga mafungu mawili, andika. Ukikaza skrubu, ukabadilisha darubini na risasi siku moja, hata ikipona hutajua ni nini kilichoiponya, na Tabora itakapoharibika hutajua pa kuanzia.

Mwishoni iseti sentimita 5 juu kwa mita 100. Kwa greni 180 inayotoka kwa mita 820 kwa sekunde, hiyo inakurudisha karibu na sifuri kwa mita 200. Halafu bandika karatasi moja na upige risasi moja tu kila asubuhi, mtutu baridi na mkavu, siku tano Tanga na siku tano za kwanza Tabora. Hilo ndilo fungu analopigwa nalo mnyama. Matundu kumi yakikaa ndani ya sentimita 8, rudisha kofia za darubini na usiiguse tena. Ya Tabora yakijitenga upande mmoja, mbao bado inagusa mahali, chukua noti uanze kuitafuta. Yakitawanyika kote kote hata baada ya haya yote, hapo ndipo umwite fundi wako na kifaa cha kutazama ndani ya mtutu, na mwambie akuonyeshe kwa macho yako mifereji iliyolika mbele ya chemba kabla hujalipa.